Kichezeo cha mtoto kisipimwe kwa bei

Kila mwaka, Noeli na Bonane zikikaribia, meza za masoko ya Bukavu, Butembo, Bunia, Goma, Uvira na Kindu hujaa vichezeo vya plastiki: simu ndogo zinazoimba, magari yanayowaka taa, wanasesere wanaolia ukiwabonyeza tumbo. Siku hizi muuzaji ana maneno mapya. Anamwambia mama kwamba hiki kinafungua akili, kile kinaamsha milango ya fahamu, na kwamba mtoto asiye nacho atabaki nyuma ya wenzake. Matangazo ya kwenye telefone yanasema vilevile. Mzazi mwenye franka mfukoni ananunua haraka. Asiye nazo anarudi nyumbani na uchungu, akiamini kwamba amemnyima mtoto wake akili.

Uchungu huo hauna msingi, na haraka ile nayo haina msingi. Kichezeo kinachomfaa mtoto mdogo ni kile kinachoipa mikono yake kazi, kinachomfanya mkubwa aongee naye, na kisichoweza kumuumiza. Hayo ndiyo masharti matatu. Bei haimo. Mzazi anayeyashika anaweza kuchagua vizuri katika boutiki kubwa ya mjini, na anaweza kuchagua vizuri pia jikoni kwake, kati ya makopo, vitambaa na miiko.

Mkono unauliza, sikio linajibu

Jina la vichezeo hivi linatisha kuliko vitu vyenyewe. Ni vitu vinavyompa mtoto kitu cha kuona, kusikia, kugusa, kunusa au kuonja. Ni pia vile vinavyomjulisha mwili wake: kusukuma, kuvuta, kubeba, kujisawazisha asianguke. Mtoto wa miezi minane anayepiga sufuria kwa mwiko anafanya kazi kubwa. Akipiga kwa nguvu, sauti inapanda. Akipiga taratibu, inashuka. Akipiga ardhi, inakuwa sauti nyingine kabisa. Hakuna aliyemfundisha. Mkono wake umeuliza, sikio limejibu, na kesho atarudia ili aone kama jibu ni lilelile.

Ubongo wa binadamu hukua kwa kasi katika miaka ya kwanza kuliko wakati mwingine wowote wa maisha. Njia zinazounganisha chembe zake huimarika zikitumiwa, na zisizotumiwa hufifia. Ndiyo sababu mwezi Mei 2018 Shirika la Afya Duniani, OMS, pamoja na UNICEF na Benki ya Dunia, walitoa mwongozo kuhusu malezi ya watoto tangu mimba hadi umri wa miaka 3. Mwongozo huo unataja mahitaji matano: afya njema, lishe ya kutosha, usalama, mlezi anayemwitikia mtoto, na nafasi ya kujifunza mapema. Kwa mtoto wa umri huo, kujifunza mapema ni kucheza. Mchezo umewekwa katika orodha moja na chakula na chanjo.

Hapa Kongo jambo hili lina uzito wa pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani urefu wao haufikii umri wao. Mtoto aliyedumaa mara nyingi anakuwa mtulivu kupita kiasi. Haulizi, hasumbui, hachezi sana, na wakubwa wanamsifu kwa upole wake. Utulivu huo unawafanya wasiongee naye, na kutoongeleshwa kunazidisha utulivu. Mtoto kama huyo anahitaji chakula, na anahitaji pia mtu wa kumwita acheze.

Kichezeo kinachoongea sana kinanyamazisha nyumba

Watu wengi wanadhani kwamba kichezeo chenye sauti nyingi kinamfundisha mtoto maneno mengi. Mtafiti Anna Sosa wa chuo kikuu cha Northern Arizona, Marekani, alilichunguza jambo hilo. Alifuatilia wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16, wakicheza nyumbani kwa vitu vya aina tatu: vichezeo vya umeme, vichezeo vya kawaida kama vipande vya mbao, na vitabu vya picha. Matokeo yake yalitolewa mwishoni mwa 2015. Kichezeo cha umeme kilipokuwa kinaimba, wazazi walisema maneno machache, na kubadilishana sauti na watoto wao kulipungua. Mashine ilichukua zamu ya mama. Kwenye vitabu mambo yalikuwa kinyume: wazazi waliongea zaidi, na watoto nao walitoa sauti zaidi.

Wingi nao haumsaidii mtoto. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Toledo, Marekani pia, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 36 wa umri wa kama miaka 2. Mara moja waliwekwa chumbani na vichezeo 4, mara nyingine na vichezeo 16. Walipokuwa na vichezeo 4, walikaa muda mrefu zaidi na kila kimoja na wakabuni njia nyingi zaidi za kukitumia. Familia yenye vichezeo vingi inaweza kuvificha vingine na kuvibadilisha kila wiki. Familia yenye vitatu isijione maskini kwa hilo.

Telefone nayo imekuwa mlezi katika nyumba nyingi za mjini. Mama anapika, mtoto analia, anapewa video. Mwaka 2019 OMS ilitoa mashauri yaliyo wazi: mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo, wa mwaka mmoja vilevile haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Sababu moja inaeleweka kwa kila mama. Skrini haimpi mtoto kitu cha kushika, na haimngojei ajibu.

Kila umri na kichezeo chake

Mtoto aliyezaliwa juzi anaona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30. Huo ndio umbali wa uso wa mama anayenyonyesha. Uso huo ndio kichezeo chake cha kwanza, na sauti ya baba au ya bibi ndiyo cha pili. Kipande cha kitenge chenye michoro mikubwa ya rangi nzito, kikipitishwa polepole mbele ya macho yake, kinamfundisha kufuata. Katika miezi mitatu ya kwanza hahitaji kununuliwa kitu.

Kuanzia miezi mitatu hadi sita anaanza kunyoosha mkono na kushika. Hapo kayamba inafaa: chupa ndogo ya plastiki iliyooshwa vizuri, ndani mna mahindi machache, kifuniko kimefungwa kiasi kwamba hata mtu mzima hawezi kukifungua kwa mkono. Pete kubwa ya mbao laini inafaa. Soksi iliyoshonwa na kujazwa vitambaa inafaa. Kizuri ni kwamba vitu hivi havifanani mkononi: kimoja kigumu, kingine chororo, kimoja baridi, kingine kina joto la kitambaa.

Kati ya miezi sita na mwaka, kila kitu kinaenda mdomoni. Mtoto hafanyi utundu, anachunguza. Mama anaweza kumwekea kapu pana lenye vitu vya nyumbani: mwiko mdogo, kikombe cha plastiki, bakuli la bati lisilo na makali, kibuyu kikavu, kipande cha kitambaa cha pamba, ganda la chungwa lililooshwa ili anuse. Anakaa karibu naye na kutaja jina la kila kitu anachokitoa. Umri huu ndio wa kuangusha kijiko mara kumi ili mkubwa akiokote mara kumi, na wa kufurahia kikombe kilichofichwa chini ya kitambaa halafu kikaonekana. Kwa mkubwa ni uchovu. Kwa mtoto ni ugunduzi kwamba kitu kinaendelea kuwepo hata kisipoonekana.

Kuanzia mwaka mmoja hadi miwili, mtoto anajaza na kumwaga, anapanga na kubomoa, anasukuma na kuvuta. Vikombe vya ukubwa mbalimbali vinavyoingiana, karton ya sabuni ya kuingia na kutoka, makopo matupu yasiyo na ukingo mkali, vipande vya mbao ambavyo seremala wa kartie angevitupa na ambavyo vimepigwa msasa vizuri, vyote hivyo ni shule. Katika umri huu ndugu wakubwa wanaweza kumchongea gari la kuvuta kwa kamba fupi, au tshukudu ndogo kama ile wanayoendesha wenyewe kwenye miteremko ya Kivu Kaskazini.

Baada ya miaka miwili inaingia kuigiza. Kopo linakuwa sufuria, majani yanakuwa sombe, udongo unakuwa bugari, na mwanasesere wa majani ya mgomba anabebwa mgongoni kwa kipande cha kitenge. Watoto wa kiume nao wapike na wabebe, kwani kuigiza ndiko kunakomfundisha mtoto kujiweka mahali pa mwingine. Udongo wa mfinyanzi unaimarisha vidole vitakavyoshika kalamu. Vifuniko vikubwa vya chupa na vya bido, vikipangwa kwa rangi na kwa ukubwa, ni hesabu ya kwanza. Mchanga uliosawazishwa ni ubao usioisha, na kidole ndicho chaki.

Jambo moja linabaki lilelile katika umri wote: mtu mzima anafuata kile kinachomvutia mtoto na kukitaja kwa lugha ya nyumbani. Kiwe Kiswahili, Mashi, Kinande, Kihunde, Kilega au Kifuliiru, lugha anayoijua mzazi vizuri ndiyo inayompa mtoto maneno mengi.

Vichezeo vinavyoua

Sharti la usalama ndilo linalosahauliwa kwa urahisi, na ndilo lisilo na nafasi ya pili. Chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya mrija wa karatasi ngumu unaobaki karatasi ya chooni ikiisha, wenye upana wa karibu sentimita 4, kinaweza kuziba koo. Karanga, maharagwe, shanga, vifungo, vifuniko vya soda na macho ya plastiki ya wanasesere yote yamo katika hatari hiyo. Kwa hiyo kayamba ikaguliwe kila siku kabla ya kutolewa. Siku inapopasuka, inatupwa.

Baloni za kupuliza ni hatari kuliko zinavyoonekana. Kipande chake kikipasuka na kuvutwa kooni kinajibana na kuziba pumzi kabisa. Glavu ya hospitali inayopulizwa ili kumbembeleza mtoto ina hatari ileile. Kamba ndefu inayoweza kuzunguka shingo haifai kwa mtoto mchanga. Na mchezo wa maji, ambao watoto wanaupenda sana na unaowafaa kweli, hauchezwi bila mtu mzima pembeni: mtoto mdogo anaweza kuzama katika beseni yenye maji ya sentimita 5 tu.

Betri zile ndogo za duara, mfano wa kifungo cha shati, zinastahili kutajwa peke yake. Zimo ndani ya vichezeo vinavyoimba, saa za bei rahisi, kadi za sikukuu na taa ndogo. Mtoto akiimeza na ikakwama kwenye umio, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2, na jeraha linaweza kutoboa hadi mshipa mkubwa wa damu. Mzazi anayeshuku jambo hilo asingoje hadi asubuhi na asimlazimishe mtoto kutapika. Aende hospitali mara moja. Sokoni, alama ya kuangalia ni rahisi: mfuniko wa betri ufungwe kwa skrubu. Ukifunguka kwa kucha, kichezeo hicho kirudishwe mezani.

Sumu nyingine haionekani. Rangi inayobanduka, vipande vya betri kuukuu za magari na vyuma vya kuyeyushwa vinaweza kuwa na madini ya risasi, yale yanayoitwa plomb. OMS inasema hakuna kiasi cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Yanaharibu ubongo polepole, bila homa wala kelele, na mtoto anayetia kila kitu mdomoni ndiye anayeyapokea zaidi. Vilevile chupa na bido zilizobeba dawa za mashamba, mafuta ya gari au asidi hazigeuzwi kuwa vichezeo hata zikioshwa mara saba. Sindano zilizotupwa nyuma ya vituo vya afya nazo zimeokotwa na watoto mara nyingi, na lawama hapo ni ya kituo kabla ya kuwa ya mtoto.

Halafu kuna hatari ambayo vitabu vya malezi vya nchi zenye amani havitaji. Katika Kivu na Ituri, watoto wameokota mabomu ya mkono na vipande vya roketi wakidhani ni vichezeo, kwa sababu ni vya duara, vinang'aa, na vinatoa sauti vikigongwa. Mtoto wa miaka mitatu amefundishwa na mwili wake kushika kila kipya. Kwa hiyo ni ndugu wakubwa wanaotumwa shambani na kuteka maji wanaopaswa kufundishwa, kwa maneno mafupi: usiguse, usirushe jiwe, rudi kwa njia uliyojia, mwambie mtu mzima. Kila mtaa uliopitiwa na vita unapaswa kurudia maneno hayo kanisani, msikitini, shuleni na redioni.

Mtoto anayecheza kwa namna nyingine

Kichezeo kinaweza pia kumwonyesha mzazi kile ambacho jicho halijaona. Mtoto wa miezi sita asiyegeuka kayamba inapotikiswa nyuma yake, asiyefuata kitambaa kwa macho, au anayetumia mkono mmoja tu siku zote, apelekwe akaangaliwe. Asiyekaa peke yake akifika miezi tisa au kumi, na asiyetembea akifika miezi 18, vilevile. Anayepoteza maneno au mchezo aliokuwa ameuzoea asingojewe kabisa. Masikio yakigunduliwa mapema, mtoto anaweza kupewa lugha mapema, hata kama ni lugha ya mikono.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, kuchagua ni kurekebisha. Asiyeona anapewa mpira wenye kitu kinacholia ndani. Mwenye mikono migumu anafungiwa kitambaa kinene kwenye mpini wa kijiko ili aweze kukishika. Anayeogopa kelele, kama walivyo baadhi ya watoto wenye otizimu, anapewa vitu vya utulivu: udongo, mchanga, mto mzito wa kukumbatia. Vituo kama Heri Kwetu kule Bukavu na Shirika la Umoja kule Goma vina uzoefu wa kuhudumia watoto wenye ulemavu. Hakuna kichezeo kinachoponya ulemavu, na anayekiuza kwa ahadi hiyo anamdanganya mzazi aliye katika shida.

Kilichofanyika Jamaica kinawezekana hapa

Anayesema kwamba mambo haya ni ya matajiri ajibiwe na mfano wa Jamaica. Katika miaka ya 1986 na 1987, mwalimu Sally Grantham-McGregor na wenzake walianza kufuatilia watoto 129 waliodumaa katika kartie maskini za mji wa Kingston. Walikuwa na umri wa miezi 9 hadi 24. Kwa miaka miwili, sehemu ya familia hizo zilitembelewa saa moja kila wiki na wahudumu wa afya wa mtaani, wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo. Walimwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mtoto wake, kwa vichezeo vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani vilivyotupwa. Waliviacha nyumbani, na wiki iliyofuata wakavibadilisha.

Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta watoto wale, sasa wakiwa vijana wanaofanya kazi. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Waliotembelewa walikuwa wanapata mshahara mkubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakupata michezo ile. Kundi lililopewa chakula cha nyongeza peke yake halikuonyesha tofauti hiyo. Chakula kilibaki cha lazima, lakini kilichobadilisha maisha yao kilikuwa saa moja ya mchezo, makopo, vitambaa na mama aliyetiwa moyo.

Kongo ina watu wa kufanya kazi hiyo tayari. Ina relais communautaires, RECO wanaojulikana katika kila kartie, wanaozunguka parsele hadi parsele kwa ajili ya chanjo, vyandarua na lishe. Ina pia siku ya kupima watoto, ile CPS ya kila mwezi, ambapo makumi ya akina mama hukaa kwenye mabenchi asubuhi nzima wakingoja zamu ya mizani. Saa hizo zinapotea bure. Muuguzi mmoja na kapu moja la vichezeo vya kutengenezwa wangetosha kuzigeuza kuwa darasa. OMS na UNICEF wana mafunzo tayari kwa ajili hiyo, yanayoonyesha mchezo wa kila umri kwa vitu vya nyumbani. Kinachokosekana ni wakuu wa zone za afya kuliandika jambo hili katika kazi ya kila mwezi, na mashirika yanayolipia lishe kukubali kulipia pia usafiri wa RECO anayefundisha kucheza. Wanaojitolea kwa miaka bila malipo hawawezi kuongezewa mzigo kwa maneno matupu.

Serikali nayo ina deni. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ilifungua milango ya shule za msingi, lakini shule ya watoto wa miaka 3 hadi 5 imebaki ya wenye pesa za kulipa. Kukagua bidhaa zinazoingia nchini ni kazi ya OCC, na vichezeo ni bidhaa kama unga na dawa. Yeyote anayekusanya ushuru mpakani, katika hali yoyote ya vita au amani, ana wajibu wa kuangalia kilichomo ndani ya karton kabla ya kuhesabu pesa. Wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa kutoka ng'ambo wanaweza kuanza hata bila sheria mpya: wasilete kichezeo ambacho betri yake haina skrubu.

Baba asitoke katika hesabu hii. Katika nyumba nyingi mchezo wa mtoto umeachiwa mama, bibi au dada wa miaka kumi. Baba anayerudi jioni na kumnyanyua mtoto juu, akampigia mluzi na kumwacha amvute ndevu, amempa sauti, mwendo na mguso kwa wakati mmoja. Robo saa kila jioni haimnyimi mtu heshima yake.

Inabaki hali ya watoto waliofukuzwa kwao na vita. Mwezi Oktoba 2023, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu karibu watu milioni 7 waliohama makwao ndani ya Kongo, wengi wao Kivu na Ituri. Mbele ya njaa, kipindupindu na turubai zinazovuja, ni rahisi kusema mchezo utangoje. Lakini mtoto wa miaka miwili hana miaka miwili mingine. Sanduku la vichezeo ambalo UNICEF hupeleka katika mazingira ya dharura limepangwa kutumiwa na watoto kama 50, na mwongozo wake unawafundisha walezi kutengeneza vingine. Liwemo katika kila msafara, pamoja na unga na sabuni. Haki ya mtoto ya kucheza imeandikwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kongo iliukubali mwaka 1990, na nchi ina sheria yake ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009.

Watoto wa kambini wenyewe hawakungoja. Wanafunga sashe juu ya sashe kwa kamba za mgomba hadi mpira unadunda. Sehemu ya wakubwa ni kusafisha uwanja wao wa vyuma, sindano na mabomu, na kukaa chini saa moja na wale walio wadogo mno kukimbia nyuma ya mpira huo.